Moyo wa Nina Simone uko Tryon

Katika muji mudogo wa Tryon, jimbo la North Carolina huko Marekani, mwanamuke wa bronzi ameikaa kando ya barabara kubwa, vidole juu ya piano. Ni Nina Simone. Ndani ya kifua cha sanamu hiyo, muchongaji Zenos Frudakis aliweka moyo wa bronzi, na ndani ya moyo huo kuna majivu kidogo ya mwimbaji mwenyewe.

Sanamu ilizinduliwa tarehe 21 mwezi wa pili 2010, siku ambayo angetimiza miaka 77.

Alizaliwa hapo kwa jina la Eunice Waymon. Mama yake alikuwa muhubiri, naye mutoto akapiga piano kanisani tangu angali mudogo sana. Mwalimu mumoja Muzungu, Muriel Mazzanovich, alimufundisha muziki wa Bach, na wenyeji wakachanga pesa ili aendelee na masomo. Lakini ni katika muji huohuo, siku alipopiga piano mbele ya watu, wazazi wake waliondolewa kwenye viti vya mbele ili Wazungu wapate nafasi. Nina mwenyewe alisimulia kwamba alikataa kupiga mpaka warudishwe mbele. Hakuwa hata amefikisha miaka 13.

Mwaka wa 1951, shule ya muziki ya Curtis, Philadelphia, ilimukatalia. Aliamini kwamba ni sababu ya rangi ya ngozi yake. Akaenda kuimba katika bar moja ya Atlantic City, akabadilisha jina ili mama yake asijue. Watu waliuita muziki wake jazz. Yeye alipenda zaidi uitwe muziki wa klasiki wa watu weusi. Kisha bomu la Birmingham kuua wasichana wane kanisani mwaka wa 1963, aliandika "Mississippi Goddam". Baadaye alihama Marekani, akaishi Liberia, na akafia Ufaransa mwaka wa 2003. Curtis ilimupa diploma ya heshima siku mbili tu mbele ya kifo chake.

Na nyumba aliyozaliwa? Ilikuwa na vyumba vitatu tu. Miaka saba kisha sanamu kuzinduliwa, ilikuwa tupu, na kulikuwa hatari ibomolewe. Wasanii wane weusi, wasio wenyeji wa Tryon, waliinunua kwa dola 95 000.