Shorobo, mpanzi wa msitu wa mlimani

Sisi tunaoishi kandokando ya misitu ya Kilimanjaro, Meru, Pare na Usambara, sawa na ndugu zetu wa Mlima Kenya na Aberdare, mara nyingi humsikia shorobo kabla ya kumwona. Sauti yake ni nzito na ya kukwaruza, na akianza mmoja, wengine humwitikia kutoka ng'ambo ya bonde. Akitulia matawini huonekana wa kijani tu, mwenye kishungi cha buluu iliyokoza na doa jeupe mbele ya jicho. Lakini anaporuka, mabawa hufunguka mekundu kama kasula ya Pentekoste.

Wekundu huo una habari yake. Mwaka 1869 mkemia Mwingereza Arthur Church alieleza kwamba rangi ya manyoya hayo ina shaba ndani yake, madini yale yale ya nyaya za umeme. Ndege huipata shaba hiyo, kidogo kidogo, katika chakula chake. Hata kijani chake ni rangi halisi iliyomo katika unyoya, ilhali ndege wengi wa kijani huonekana hivyo kwa namna tu manyoya yao yanavyorudisha mwanga.

Chakula chenyewe ni matunda, yakiwemo ya miti ya jamii ya mkuyu. Shorobo hatafuni. Humeza tunda, nyama yake ikasagwa tumboni, kisha mbegu hudondoka ikiwa nzima mahali pengine. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mbegu inayoanguka chini ya mti mama hukosa mwanga, tena panya na wadudu hujua mahali pa kuitafuta. Upepo nao hauwezi kuibeba mbegu nzito. Miti mingi ya mlimani, basi, husafiri kwa matumbo ya ndege, na mpanzi huyu hafanyi kazi kwa mwaliko wa mtu.

Hata hivyo, shorobo si mrukaji hodari. Hukimbia vizuri juu ya matawi, ila hapendi kuvuka uwanja mpana. Msitu ukikatwa vipande vipande, mashamba yakiwa katikati, ndege hubaki upande mmoja na mbegu pamoja naye.

Hapa tuseme wazi kuhusu kampeni zetu za kupanda miti. Mikaratusi na misindano hutupatia nguzo, mbao na kuni, wala hatuidharau. Lakini kwa shorobo shamba la misindano ni jangwa la kijani, halina tunda hata moja la kumeza. Parokia yenye kiwanja kinachopakana na msitu ingeweza kuanzia kando ya kijito, kwa miche michache ya miti ya asili yenye matunda, mikuyu ikiwa ya kwanza, karibu kiasi kwamba ndege ataifikia kwa mruko mmoja kutoka ukingo wa msitu.