Simba dume hatawali peke yake

JINJA/MBALE – Msafiri anayetoka Jinja kwenda Mbale kwa barabara ya Tirinyi huvuka mto Mpologoma. Kwa Kisoga na Kiganda, jina hilo maana yake ni simba. Mto ungalipo na wakulima wa mpunga wanautegemea, lakini mnyama mwenyewe hayupo. Mkazi wa huku akitaka kumwona simba wa porini hana budi kwenda Murchison, Kidepo au Queen Elizabeth.

Katika mbuga hizo, kuhesabu simba ni nusu tu ya kazi. Swali kubwa ni hili: madume gani wanatawala, na eneo lao linaishia wapi?

Kundi la simba hujengwa na majike wa ukoo mmoja. Watoto wa kiume huondoka wakifikisha miaka miwili hadi mitatu, wakazurura. Dume aliye peke yake hana nguvu, hivyo ndugu hushikamana, na wakati mwingine hata wasio ndugu. Muungano huo, wa madume wawili, watatu au zaidi, huwavamia wenye eneo. Ukishinda, hutwaa majike na kuwaua watoto wadogo wa watangulizi wao, ili mama zao warudi kwenye joto mapema. Utawala wenyewe aghalabu hudumu miaka miwili au mitatu.

Ndiyo maana dume mmoja akinaswa na mtego wa waya, hasara haiishii kwake. Mwenzake hubaki dhaifu, wageni huingia, na watoto wa kundi zima huangamia.

Vidoa na kola

Wafuatiliaji humtambua kila simba kwa vidoa vilivyo kwenye mizizi ya masharubu yake, ambavyo hutofautiana kati ya simba na simba. Njia hiyo ilielezwa kitaalamu mwaka 1970 na imeenea kote Afrika. Kule Serengeti, Tanzania, ambako George Schaller alianza utafiti mwaka 1966, kumbukumbu za makundi zimeendelea kwa miongo kadhaa. Siku hizi baadhi ya simba huvishwa kola zinazotuma mahali walipo kwa setilaiti, na ramani huonyesha jinsi eneo linavyopanuka au kusinyaa.

Mfano unaojulikana zaidi nchini ni wa ndugu wawili wa Queen Elizabeth, Jacob na Tibu. Jacob alipoteza mguu mmoja kwa mtego mwaka 2020, lakini hakuachwa. Februari 2024, watafiti waliwarekodi usiku kwa droni yenye kamera ya joto, wakiogelea zaidi ya kilomita moja kuvuka Mfereji wa Kazinga wenye viboko na mamba. Watafiti wanaamini walikuwa wakitafuta majike, ambao wamekuwa haba katika mbuga hiyo.

Uhaba huo una sababu. Aprili 2018, simba 11, majike watatu na watoto wanane, walikufa kwa sumu karibu na kijiji cha wavuvi cha Hamukungu. Machi 2021, wengine sita walikutwa wamekufa Ishasha, huku viungo vyao vikiwa vimekatwa.

Mpaka si ukuta

Simba hana pasipoti. Wa Ishasha wanapakana na Virunga nchini Kongo. Wa Kidepo wanapakana na Sudan Kusini. Wa Serengeti huingia Maasai Mara, Kenya. Muungano wa madume ukifuatiliwa upande mmoja tu, nusu ya habari zake hupotea. Nchi hizi zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kumbukumbu za vidoa na kola zinaweza kuvuka mpaka kwa urahisi kuliko simba wenyewe.

Kwa Mbale, jambo hili liko karibu. Kaskazini, kwenye barabara ya Moroto, ipo hifadhi ya Pian Upe, iliyopokea twiga 15 kutoka Murchison mwaka 2019. Twiga wanaweza kupelekwa kwa lori. Simba huhitaji zaidi: mawindo ya kutosha, mapori yasiyo na mitego, na wafugaji wanaolipwa fidia ng'ombe wanapoliwa. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 imeweka msingi wa fidia hiyo. Ikicheleweshwa, sumu ndiyo itakayotangulia kufika.