Ukoo wa Parler na Makanisa Waliyoyajenga

Msafiri atokaye Makambako kwenda Njombe huona kando ya barabara makanisa ya aina mbili: yale yaliyokwisha kuezekwa, na yale ambayo kuta zake zilifika usawa wa linta zikasimama hapo, mvua zikiyanyeshea mwaka baada ya mwaka. Haya ya pili ndiyo yaliyotusukuma kuandika. Tumewahi kuketi katika kamati ya ujenzi ya usharika mmoja wenye jengo la namna hiyo. Mchungaji aliyeuweka msingi alihamishwa; aliyempokea aliuona msingi ule kuwa mdogo, akataka uvunjwe; sadaka za washarika zikaishia katika mabishano. Je, mtu aliyekuta kazi ya mwenzake imefika nusu afanyeje? Mtume Paulo aligusa jambo hilo alipowaandikia Wakorintho kuhusu msingi na wale wajengao juu yake. Sisi tungependa kulitazama kwa njia ya ukoo mmoja wa waashi wa Ujerumani wa karne ya 14, ukoo wa Parler.

Jina hilo lilianza kama cheo. Katika kambi za waashi wa mawe, parler alikuwa msemaji aliyesimama kati ya fundi mkuu na mafundi wengine, akiyapeleka maagizo na kuikagua kazi. Kwa Kiswahili tungemwita mnyapara, ijapokuwa neno hilo masikioni mwetu bado lina uchungu wa mashamba ya wakoloni. Cheo kikageuka kuwa jina la ukoo, nao ukoo ukawa na alama yake: kipimapembe cha fundi kilichopindwa mara mbili.

Baba yao aliyejulikana zaidi ni Heinrich, fundi mkuu wa Kanisa la Msalaba Mtakatifu katika mji wa Gmünd. Upande wa madhabahu wa kanisa hilo ulianza kujengwa upya mwaka 1351, na ndani yake sehemu za pembeni zina kimo sawa na sehemu ya katikati, hata waabudu hujiona wako katika ukumbi mmoja mpana.

Hapa inafaa tueleze ujenzi wa Kigothi, maana wengi hudhani ni mapambo tu. Paa zito la mawe halishuki tu chini. Husukuma kuta kwenda nje. Aliyewahi kuona ukuta wa tofali ukipasuka chini ya kenchi zisizofungwa vizuri analijua jambo hilo. Mafundi wa Kigothi walitumia tao lenye ncha, ambalo husukuma pembeni kidogo kuliko tao la duara. Uzito wa dari waliukusanya katika mbavu za mawe, wakaupeleka kwenye nguzo, na nje ya ukuta wakasimamisha nguzo nene za kuegemeza. Ukuta ulipopunguziwa mzigo, uliweza kufunguliwa madirisha makubwa. Kazi ilifuata majira kama kwetu: mvua zikija, tofali hazichomwi, kwao baridi kali ilipoingia chokaa haikushika, hivyo waashi walizifunika kuta, wakaketi kibandani kuchonga mawe ya mwaka uliofuata.

Mwana wa Heinrich, Peter, aliitwa Praha na Mfalme Karolo wa Nne mwaka 1356, akiwa na umri wa miaka 23. Kanisa kuu la Mtakatifu Vitus lilikuwa limeanzwa mwaka 1344 na Mfaransa, Mathias wa Arras, ambaye alifariki mwaka 1352. Kijana huyu hakuvunja. Aliendeleza kuta juu ya ramani ya marehemu, na alipofika kwenye dari akafanya lake. Badala ya kila sehemu ya dari kujifunga yenyewe, alizipitisha mbavu mbilimbili zikikatana kama wavu, na jicho la mwenye kuingia likavutwa moja kwa moja hadi madhabahuni. Sehemu hiyo iliwekwa wakfu mwaka 1385. Juu ya nguzo za ndani kuna sanamu za vichwa vya mfalme, jamaa zake na maaskofu, na pamoja nao Mathias na Peter mwenyewe. Mwashi kuwekwa safu moja na mfalme lilikuwa jambo la ajabu. Hata daraja maarufu la mji huo, lililoanzwa mwaka 1357, ni kazi yake. Alifariki mwaka 1399, na mwanawe Johann akaishika kazi ya kanisa.

Habari za Ulm ni tofauti. Wenyeji wa mji huo waliweka msingi mwaka 1377 kwa fedha zao wenyewe, wala si kwa amri ya askofu. Mafundi wa kwanza walikuwa wa ukoo huu: Heinrich, kisha Michael, kisha Heinrich mwingine. Mwaka 1392 akaja Ulrich wa Ensingen, fundi hodari sana, akabadili ramani: sehemu ya katikati ipande juu kuliko za pembeni, na mnara uwe mkubwa ajabu. Miaka mia baadaye, mwaka 1492, mawe yakaanguka kutoka mnarani. Akaitwa Burkhard Engelberg, ambaye aliimarisha msingi wa mnara, na kila sehemu ya pembeni akaigawa kwa safu ya nguzo nyembamba ili dari ipungue msukumo. Mgeni huzisifu nguzo hizo kwa uzuri wake. Kwa kweli ni deni la mabadiliko yale.

Mwaka 1530 raia wa Ulm walipiga kura kuyakubali Matengenezo, na jengo likawa la Kilutheri hadi leo. Mwaka 1543 ujenzi ulisimama, ukalala karne tatu. Mnara ulikamilika mwaka 1890, ukiwa na mita 161 na nusu, na hadi mwaka 2025 hapakuwa na kanisa refu kuliko hilo duniani. Praha nako kazi ilikatizwa na vita vilivyofuata kuuawa kwa Jan Hus mwaka 1415, na kanisa likamalizika mwaka 1929.

Kamati yetu ilikutana mara ya mwisho kabla ya masika. Fundi mmoja mzee alizunguka ule msingi na timazi yake, akarudi akasema uko sawa, ila upande mmoja unahitaji nguzo mbili za kuegemeza.