Kimea, Uji na Mtoto Mtulivu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu iendayo Tunduma hufika Makambako, mahali ambapo njia hugawanyika. Moja huendelea Mbeya. Nyingine hukata kusini kupitia Njombe hadi Songea. Reli ya TAZARA nayo hupita hapo hapo. Kwa sababu hiyo Makambako umekuwa mji wa maghala. Mahindi ya vijiji vya jirani hushushwa, hupimwa na kupakiwa tena hapo, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake katika mji huo. Kilometa 60 hivi kusini zaidi, katika nyanda baridi za Njombe, wakulima huvuna mahindi, maharage, viazi mviringo, ngano na chai, na siku hizi maparachichi mengi ambayo husafirishwa hata nchi za nje. Maziwa yapo. Upande wa Ludewa, ambao umo katika mkoa huo huo, Ziwa Nyasa hutoa dagaa. Kwa kifupi, hii ni nchi inayowalisha wengine.

Hata hivyo Uchunguzi wa Taifa wa Lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wa Mkoa wa Njombe walio chini ya miaka mitano, zaidi ya 53 walikuwa wamedumaa. Utafiti mwingine wa kitaifa, uliofanyika mwaka 2022, ulikuta hali imebadilika kidogo tu: Njombe asilimia 50, wakati wastani wa Tanzania nzima ulikuwa asilimia 30. Mkoa jirani wa Iringa, ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa mkoa mmoja na Njombe, ulikuwa na idadi kubwa zaidi.

Tueleze kwanza maana ya neno. Mtoto aliyedumaa si lazima awe amekonda. Ni mtoto ambaye kimo chake kiko chini mno kikilinganishwa na umri wake, kwa kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mgeni akimwona atadhani ana miaka miwili, kumbe ana mitatu na nusu. Hasara kubwa haiko katika urefu wenyewe. Lishe duni iliyozuia mifupa isirefuke, hasa tangu mimba hadi mwaka wa pili, huathiri pia ukuaji wa ubongo, na pengo hilo huonekana baadaye darasani. Mwalimu wa sekondari hukutana nalo bila kulijua kwa jina.

Sababu za udumavu ni nyingi: afya ya mama wakati wa ujauzito, kuhara kwa mara kwa mara, maji machafu, uzazi wa karibu karibu, na kazi nyingi zinazomtenga mama na mtoto wake. Makala haya yatashughulikia sababu moja, ambayo mwanafunzi anaweza kuipima mwenyewe kwa kikombe, kijiko na mizani.

Hesabu ya kikombe

Unga wa nafaka una wanga mwingi. Chembe za wanga zikichemshwa hunyonya maji, huvimba na kupasuka, na uji ukawa mzito. Mpishi akitumia gramu 5 za unga katika kila gramu 100 za uji, atapata uji wa kunyweka. Akitumia gramu 20 hatapata uji tena. Atapata kitu kinachokaribia ugali, ambacho mtoto asiye na magego hawezi kukimeza. Basi mama hufanya jambo la busara kwa kadiri ya macho yake: hupunguza unga na kuongeza maji.

Tuchukue mtoto wa mwaka mmoja na kitu, mwenye uzito wa kilo 9, ambaye bado ananyonya. Tumbo lake hupokea kiasi cha gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 270 kwa mlo. Gramu moja ya unga hutoa kilokalori 3.5 hivi. Bakuli la uji mwepesi lina unga gramu 13.5, kwa hiyo litampa kilokalori 47. Bakuli lile lile la uji mzito lina unga gramu 54, na litampa kilokalori 189. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtoto wa umri huo, akinyonya kiasi cha wastani, anahitaji kilokalori 550 kwa siku kutoka vyakula vingine. Gawanya: kwa uji mzito atatosheka kwa milo 3, kwa uji mwepesi atahitaji karibu milo 12.

Hakuna mama wa Njombe, wala wa mahali pengine popote, awezaye kumlisha mtoto mara 12 kwa siku, hasa mwezi wa Desemba na Januari shamba linapodai mikono yote. Mtoto hushiba maji. Tumbo hujaa, kilio hunyamaza, na ghala lililo hatua kumi kutoka mlangoni halimfai kitu.

Kazi ya kimea

Njia ya kutoka katika mtego huu imo vijijini tangu zamani, ila imewekwa katika chungu kingine. Mbegu ya ulezi ikilowekwa na kuanza kuota hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kazi yake ni kukata minyororo mirefu ya wanga ili mche mchanga upate sukari. Mbegu hiyo ikikaushwa na kusagwa kabla mche haujaimaliza akiba yake, kimeng'enya hubaki hai ndani ya unga. Huo ndio unga wa kimea. Kijiko kidogo kimoja kikitiwa katika bakuli la uji mzito usio wa moto sana, minyororo ya wanga hukatika, maji yaliyokuwa yamefungwa huachiliwa, na kwa dakika chache uji huwa mwepesi mbele ya macho. Unga haukupungua hata punje. Nishati ni ile ile. Kilichopungua ni mnato.

Mwaka 1983 Mosha wa Tanzania na mwenzake Svanberg wa Sweden walichapisha vipimo vya jambo hili, wakionyesha kwamba uji wenye asilimia 20 ya unga waweza kunyweka kwa kuongezewa kimea kidogo. Miaka hiyo hiyo, 1983 hadi 1988, Mkoa wa Iringa, ukiwa pamoja na Wilaya ya Njombe, ulikuwa na mpango mashuhuri wa lishe uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na wanakijiji wenyewe walijadili matokeo na kuamua la kufanya. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Mpango huo ulisifiwa katika nchi nyingi. Inasikitisha kwamba vijana wengi waliozaliwa humo humo hawajapata kuusikia.

Wataalamu hasa wa kimea, hata hivyo, hawakuwa wenye vyeti. Ni akina mama wapika pombe. Mama anayepika komoni anajua ulezi ulowekwe kwa muda gani, machipukizi yawe na urefu gani, na kimea kilichoharibika kinanuka vipi. Kimeng'enya ni kile kile. Ni ajabu, na mimi husema ni aibu kidogo, kwamba katika nyumba moja wanga wa pombe ya wakubwa hukatwa kwa ufundi mkubwa, na uji wa mdogo huongezwa maji.

Kutengeneza kimea hakuhitaji mtambo. Ulezi hupembuliwa, huoshwa, hulowekwa usiku kucha, kisha humwagwa maji na kufunikwa kwa gunia safi lenye unyevu kwa siku mbili au tatu. Katika baridi ya Njombe huchukua siku zaidi, na wengine huweka karibu na jiko. Machipukizi yakitokeza, ulezi huanikwa juani mpaka ukauke kabisa, husuguliwa ili vimizizi vitoke, ndipo husagwa.

Tahadhari tatu ni za lazima. Ya kwanza, uji uliokwisha kutiwa kimea urudishwe motoni uchemke tena, kwa kuwa unga wa kimea ni mbichi na waweza kuwa na vijidudu. Ya pili, mtama usitumike ovyo badala ya ulezi, maana machipukizi ya mtama hutengeneza sumu ya jamii ya sianidi. Ya tatu, kimea chenye ukungu kitupwe. Sumukuvu, ambayo hutengenezwa na ukungu wa nafaka, iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, nayo haiondoki kwa kuchemsha.

Kimea kina faida nyingine iliyojificha. Ulezi una zaidi ya miligramu 300 za madini ya kalisi katika gramu 100, mara nyingi kupita mahindi. Lakini ndani ya nafaka zote mna kitu kiitwacho faiteti ambacho hushika kalisi, chuma na zinki, tumbo lisiweze kuvipokea. Kuotesha mbegu hupunguza faiteti, na kuchachusha huipunguza zaidi. Ndiyo maana togwa, ambayo ni uji uliotiwa kimea na kuachwa uchachuke, haikustahili kudharauliwa kuwa ni kinywaji cha kijijini. Bakteria wa asidi laktiki huifanya iwe kali kiasi cha kuzuia vijidudu vingi vya kuhara. Utafiti wa Lorri na Svanberg, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta kuhara kumepungua kwa watoto wa Tanzania waliopewa uji wa namna hiyo.

Wanga peke yake, hata ukiwa mzito namna gani, haujengi mwili. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino iitwayo laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Kwa hiyo kande ni chakula chenye hekima kuliko kinavyoonekana. Dona huhifadhi kiini cha punje ambacho sembe hukipoteza mashineni. Dagaa waliosagwa, yai na maziwa huongeza kile ambacho nafaka haina. Parachichi nalo, ambalo hupangwa kwa uangalifu katika makasha ya kwenda Ulaya, lina kilokalori 160 hivi katika gramu 100: vipande vya gramu 50 vikipondwa ndani ya uji huongeza kilokalori 80, na mtoto halihitaji lililo zuri la kusafirishwa, lile lenye kovu linatosha. Chai ya Lupembe ingojee saa moja au mbili baada ya mlo, kwa kuwa tanini yake huzuia chuma kupokewa.

Mtoto mtulivu

Sasa tutoke jikoni twende uani, kwa maana hesabu ya nishati ina pande mbili. Mwaka 1972 Rutishauser na Whitehead walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa Uganda wa umri wa mwaka 1 hadi 3 waliokuwa wakiishi vijijini. Watoto hao walipata nishati pungufu, na walipofuatwa saa kwa saa ilionekana kwamba walitumia muda mwingi wakiwa wamekaa, na muda mchache wakikimbia na kupanda, kuliko watoto wa Ulaya waliolinganishwa nao. Mwili wenye upungufu hubana matumizi. Moyo haukubali kubaniwa, wala mapafu. Kinachobaniwa kwanza ni mchezo.

Nyumbani kwetu mtoto wa namna hii husifiwa. Huwekwa kwenye mkeka karibu na jiko, naye hukaa. Mama hupata nafasi ya kazi, na majirani husema ana adabu. Huenda ni tabia yake. Huenda pia ni bakuli la kilokalori 47. Dalili moja ya kutazama ni hii: akilishwa vizuri kwa majuma kadhaa, je, anaanza kutambaa kufuata kuku?

Mchezo wenyewe si anasa. Mifupa huimarika kwa kubeba uzito na kurukaruka, na mtoto hujifunza umbali, uzito na uimara wa vitu kwa kuvigusa na kuvisukuma. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilipendekeza dakika 180 za kujishughulisha kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 4. Mwongozo wa 2020 unataja wastani wa dakika 60 za shughuli ya kutoa jasho kila siku kwa wenye miaka 5 hadi 17. Mwanafunzi apandaye vilima vya Njombe kwa miguu kwenda shule huenda amezimaliza kabla ya kengele. Mwenzake wa Makambako apelekwaye kwa bodaboda hajazianza.

Tena kuna jua. Kalisi ya ulezi haipokewi vema pasipo vitamini D, ambayo ngozi hujitengenezea ikipata mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila tupandapo mita 1,000, kwa hiyo nyanda za juu hazina uhaba wake. Uhaba hutokea kwa kufunikwa. Miezi ya Juni na Julai mtoto hufungwa mablanketi, huachwa ndani ya jiko lenye moshi, na ni haki kumkinga baridi. Lakini umande ukikauka, ua mkavu wenye jua ni mahali pazuri kwake kuliko kando ya mafiga.

Jaribio la darasani

Pika uji wa gramu 20 za unga wa dona kwa kila gramu 100, uache upoe mpaka nyuzi 60 hivi za Selsiasi, kisha uugawe katika vikombe vitatu. Cha kwanza usikitie kitu. Cha pili kitie kijiko kidogo cha kimea. Cha tatu kitie kimea kilichokwisha kuchemshwa katika maji kidogo. Baada ya dakika 10 mimina kila uji katika kopo lenye tundu chini, upime kwa saa muda unaochukua kutoka. Kikombe cha tatu ndicho chenye somo, kwa kuwa kitaonyesha kimeng'enya kilichouawa na joto. Kisha dondosha iodini katika sampuli za kila kikombe. Wanafunzi watashangaa kuona kwamba hata uji uliokwisha kuwa mwepesi bado unageuka rangi ya buluu nyeusi; waachwe wajadiliane kwa nini, kabla mwalimu hajawakumbusha kwamba mnyororo uliokatwa mara chache tu bado ni wanga.

Ulezi ukilowekwa Jumatatu jioni, kimea kitakuwa tayari kusagwa mwishoni mwa juma. Kwa shule za Njombe zinazofanya jaribio hili mwezi Julai, anzeni Ijumaa iliyotangulia.