Kuseti intaneti ya nyumbani bila kupakua aplikesheni ya kampuni

Swali lililojaa kwenye meseji za ukurasa wiki hii ni hili: "Nimenunua ruta, ndani ya boksi kuna karatasi inasema pakua aplikesheni yetu ndiyo uanze kutumia. Simu yangu imejaa, haipokei tena kitu. Nafanyaje?"

Jibu: huihitaji. Kwa ruta nyingi tunazonunua, ziwe za laini au za faiba, ile aplikesheni ni mlango mmoja tu wa kuingilia. Mlango mwingine uko ndani ya ruta yenyewe, na unafunguka kwa Chrome au kivinjari chochote ambacho tayari unacho kwenye simu. Hupakui kitu, na hata bando huhitaji kuwa nalo wakati unaseti.

Mimi nakushauri upite huo mlango wa pili hata kama simu yako ina nafasi ya kutosha. Fikiria simu unayouzia. Ina WhatsApp ya wateja, ina laini ya pesa, ina majina ya watu uliowatafuta miaka. Halafu aplikesheni inakuomba ruhusa ya kuona majina yote, kusoma meseji na kujua ulipo. Ruta haihitaji majina ya wateja wako ili itoe Wi-Fi! Na ruhusa ya meseji siyo kitu kidogo, maana namba ya kuthibitisha WhatsApp yako inakuja kwa meseji hizohizo. Kibaya zaidi ni zile aplikesheni ambazo mtu anakurushia faili lake WhatsApp anakwambia "weka hii ndiyo yenyewe". Hilo usifungue kabisa, hata kama aliyekurushia unamfahamu.

Sababu nyingine ni fundi. Fundi akija kukufungia, mara nyingi anaseti kwa simu yake, na akaunti yake, namba yake. Akiondoka, anaondoka na funguo. Jirani yangu mmoja anauza mashuka, bando lake la mwezi lilikuwa linakata tarehe 19 au 20 kila mwezi, na yeye mwenyewe haangalii hata video. Kumbe paswedi ya Wi-Fi ilishasambaa mpaka kwa vijana wa kinyozi. Alitaka kuibadilisha, ikaonekana anayeweza ni fundi tu, na fundi anataka elfu thelathini ndiyo aje. Tuliingia kwa kivinjari, tukabadilisha paswedi zote mbili, chai ilikuwa haijapoa.

Haya, tuanze. Geuza ruta chini au nyuma, kuna stika. Pale kuna jina la Wi-Fi, paswedi ya Wi-Fi, anwani yenye namba na nukta, na jina na paswedi ya kuingilia kwenye mipangilio. Piga picha, halafu andika pia kwenye daftari la mauzo, maana stika inafutika kwa joto na mikono.

Kama ni ruta ya laini, kabla hujaichomeka hiyo laini iweke kwenye simu ndogo upige *106# uhakiki usajili wake. Ukikuta imesajiliwa kwa alama za kidole za mtu mwingine, rudi ulikonunua siku hiyohiyo. Laini isiyo na jina lako siyo yako, siku ikipotea huirudishi.

Washa ruta, subiri dakika mbili tatu taa zitulie. Ungana na Wi-Fi yake kwa paswedi ya kwenye stika. Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo soma taratibu: ZIMA DATA ya simu. Ruta ambayo bado haina intaneti, simu inaikimbia yenyewe na kurudi kwenye data, halafu unahangaika ukurasa haufunguki. Simu ikikuuliza kama ubaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti, kubali kubaki.

Sasa fungua kivinjari, pale juu unapoandika anwani weka ile namba ya kwenye stika. Nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta za laini za Huawei mara nyingi ni 192.168.8.1, na zake za faiba mara nyingi 192.168.100.1. Usiweke www. Ikikuletea majibu ya Google badala ya ukurasa wa ruta, andika http:// kisha namba. Stika ikiwa imefutika, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu, gusa jina la Wi-Fi uliyoungana nayo, utafute palipoandikwa "Gateway" au "Router". Namba iliyo pale ndiyo hiyo.

Usishangae ukikuta namba yako inafanana na ya jirani. Namba zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani dunia nzima, kila nyumba inaweza kuzitumia bila kugongana. Na kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa siyo salama, ni kwa sababu ruta nyingi hazina cheti kama cha tovuti za benki. Kwa ukurasa wa ruta yako mwenyewe, ndani ya nyumba yako, endelea. Kwa tovuti nyingine yoyote onyo hilo liheshimu.

Ukishaingia, cha kwanza badilisha paswedi ya kuingilia kwenye mipangilio. Hii ni tofauti na ya Wi-Fi na watu wengi hawaigusi kabisa, inabaki "admin" miaka yote. Mteja yeyote uliyempa Wi-Fi akiwa anasubiri mzigo anaweza kuingia akakufungia nje ya ruta yako. Baada ya hapo badilisha jina na paswedi ya Wi-Fi, na kwenye aina ya ulinzi chagua WPA2 au WPA3. Jina la duka usiliweke kama hutaki mtaa mzima ujue wapi pana intaneti. WPS izime. Kama kuna sehemu ya mtandao wa wageni, "Guest", iwashe, wateja na mafundi uwape hiyo, wewe na simu yako ya pesa mbaki kwenye ile kuu.

Ukiona Wi-Fi mbili, ya 2.4 na ya 5: ya 5 ina kasi zaidi ila inachoka kwenye kuta, ya 2.4 inafika mbali. Ukifanya live chumba kimoja na ruta, tumia ya 5.

Je, umefanya yote na intaneti haiji? Kwa ruta ya laini, kwanza hakikisha laini ina bando. Ndiyo, nimecheka lakini ndiyo. Kisha tafuta palipoandikwa APN. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako uwaulize APN yao ni ipi, uandike kama walivyokutajia bila kuongeza nafasi. Kwa faiba, mara nyingi kuna jina na paswedi nyingine ya tatu, ya kuunganisha ruta na kampuni, sehemu hiyo inaitwa PPPoE. Hiyo unapewa na kampuni. Siku fundi anakuja kufunga, mwambie hivi: "Kaka, naomba uniandikie jina na paswedi ya PPPoE." Mwambie kabla hujamsainia kwamba kazi imekamilika. Akishaondoka inakuwa safari nyingine.

Hii inanileta kwenye kile kitobo kidogo cha nyuma cha "Reset". Mtandaoni wanakwambia chomeka pini ushikilie sekunde kumi, kila kitu kinakuwa sawa. Kwa ruta ya laini kweli, inarudi kama ilivyotoka dukani, paswedi za kwenye stika zinafanya kazi tena, unaseti upya. Ila kwa ruta ya faiba, pini hiyo inaweza kufuta na ile PPPoE. Taa zote zinawaka vizuri na intaneti hakuna, ni Ijumaa jioni, oda zimejaa, na fundi wa kampuni anakuja Jumatatu. Kama huna PPPoE imeandikwa kwenye daftari, weka pini chini. Kuzima na kuwasha ruta ni kitu kingine, hiyo fanya wakati wowote, haifuti kitu.

Swali la salio: bila aplikesheni utajuaje bando limebaki kiasi gani? Ruta nyingi za laini zina sehemu ya SMS kwenye ukurasa uleule. Meseji za mtandao zinaingia pale, pamoja na za kukumbusha kwamba bando linakaribia kuisha. Kuna vifurushi vya nyumbani ambavyo laini imefungwa na ruta yake, ukiihamishia kwenye simu haifanyi kazi, kwa hiyo uliza kabla ya kuitoatoa.

Wenye modemu za kuchomeka kwenye kompyuta: ukichomeka inakuletea programu ya kusakinisha. Modemu nyingi za sasa zinajifanya kama ruta ndogo, unaandika namba yake kwenye kivinjari na umemaliza. Za zamani kidogo, jaribu kwanza mipangilio ya mtandao ya Windows kabla ya kusakinisha.

Sitawadanganya, vipo vifaa ambavyo haviwashwi bila aplikesheni yake, hasa vile vya kusambaza Wi-Fi nyumba nzima vinavyokuja viwili au vitatu kwenye boksi moja. Muulize muuzaji kabla hujatoa hela: "Hii inasetika kwa kivinjari?" Akibabaika, mwambie aiwashe hapohapo dukani ujaribu kwa simu yako.

Ukikwama, andika hapo chini aina ya ruta na namba uliyoikuta kwenye stika, ile ya 192. Paswedi usiweke jamani, wiki iliyopita nimefuta tatu.