Utangulizi: Kuandika Vita vya Kale kwa Mikono Mingi

Msomaji anayefungua makala ya Wikipedia kuhusu Vita vya Pili vya Wapuni, vile ambavyo Roma na Karthago zilipigana kuanzia mwaka 218 hadi 201 KK, hukutana na maandishi yaliyotulia. Hannibal, jemadari wa Karthago, anavuka Alpi, jeshi la Roma linaangamia Cannae, Scipio anavipeleka vita Afrika, Karthago inasalimu amri. Sentensi zinafuatana kana kwamba zimetoka katika kalamu moja. Lakini nyuma ya makala hiyo kuna kurasa nyingine mbili. Moja ni historia, inayoonyesha kila badiliko na aliyelifanya. Nyingine ni majadiliano, ambamo wahariri wasiojuana kwa sura hubishana juu ya tarakimu moja au kivumishi kimoja. Huko nyuma ndiko ninakomkaribisha mgeni, maana ndiko uwanja huu wa kuandika vita vya kale kwa pamoja unakojifunzwa.

Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001, na toleo lake la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Kwa umri, basi, uwanja wetu ni mchanga, ila maswali yake ni makongwe. Nani alikuwepo? Nani alimsikia aliyekuwepo? Aliandika akiwa chini ya himaya ya nani? Yeyote aliyewahi kukaa mbele ya sheikh akasikia hadithi ikitajiwa wapokezi wake mmoja baada ya mwingine anaijua tayari adabu ninayoizungumzia: habari haitengwi na aliyeileta. Katika makala ya vita vya kale, adabu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mhariri hakukabidhiwa ukurasa ili aamue kilichotokea zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Amekabidhiwa ili msomaji aone nani kasema nini, kwa msingi upi, na nani kampinga.

Tuanze na hao waliosema. Kwa vita hivi tunawategemea hasa watu wawili. Polybius, Mgiriki wa Megalopolis, alipelekwa Roma akiwa mateka baada ya Wamasedonia kushindwa Pydna mwaka 168 KK, akawa rafiki wa karibu wa Scipio Aemilianus, ambaye kwa kuasiliwa alikuwa mjukuu wa yule Scipio aliyemshinda Hannibal. Alikuwa mtafiti hasa. Alizungumza na watu walioviona vita, akavuka Alpi mwenyewe ili aikague njia, na huko kusini mwa Italia, kwenye rasi ya Lacinium, akasoma bamba la shaba ambalo Hannibal aliliacha likitaja idadi ya askari wake. Kati ya vitabu vyake 40, vitano tu vya mwanzo vimetufikia vikiwa kamili. Wa pili ni Titus Livius, aliyeandika kwa Kilatini takriban karne mbili baada ya vita, akiipenda Roma bila kuficha.

Na upande wa Karthago? Wagiriki wawili, Silenus na Sosylus, waliishi kambini kwa Hannibal na kuandika habari zake. Kazi zao zimepotea, isipokuwa vipande. Polybius alimdharau Sosylus, akasema habari zake ni za kiwango cha porojo za kwa kinyozi. Mwaka 146 KK Warumi walipouteketeza mji wa Karthago, maktaba zake waliwagawia wafalme wa Afrika. Kitabu walichokihifadhi wao ni kile cha Mago juu ya kilimo, juzuu 28, ambacho Seneti iliamuru kitafsiriwe. Mgeni aliweke jambo hili moyoni kabla hajagusa sentensi yoyote: tunaandika juu ya pande mbili zilizopigana huku tukisoma karibu maneno ya upande mmoja tu, pamoja na ya rafiki zake. Polybius mwenyewe aliwakosoa Fabius Pictor wa Roma na Philinus wa Akragas kwa jinsi walivyovieleza Vita vya Kwanza vya Wapuni, akiona kila mmoja kapofushwa na mapenzi kwa watu wake. Ukosoaji huo ni wa haki, na unastahili kumrudia naye anapoisifu nyumba ya akina Scipio.

Sasa tazama Cannae, mwaka 216 KK. Polybius anasema askari wa miguu wa Roma wapatao 70,000 waliuawa, 10,000 wakatekwa, na kama 3,000 wakatoroka. Jumla yake ni 83,000. Lakini kwa maelezo yake mwenyewe, askari hao wa miguu walikuwa karibu 80,000. Livius anataja waliouawa 45,500 wa miguu na 2,700 wa farasi. Tena anakiri kwamba waandishi waliomtangulia hawakukubaliana hata juu ya ukubwa wa jeshi lililopelekwa: wengine walisema waliongezwa askari wapya 10,000, wengine lejioni nne mpya.

Mhariri mgeni hufika hapa akiwa na hamu ya kusuluhisha. Mmoja atataka tarakimu kubwa kwa kuwa Polybius yuko karibu zaidi na tukio. Mwingine atataka ndogo kwa kuwa haipingani na hesabu. Wa tatu atapendekeza wastani, na huyo ndiye wa kuzuiwa mapema zaidi, kwa sababu wastani ni tarakimu ambayo hakuna mtu yeyote, wa kale wala wa leo, aliyewahi kuishuhudia wala kuitetea. Kanuni ya Wikipedia inayokataza utafiti binafsi inatusaidia hapa kuliko wengi wanavyodhani. Kujumlisha kunaruhusiwa, kwani kila msomaji anaweza kuirudia hesabu. Kusema kwamba Polybius alikosea, au kwamba mnakili fulani aliiharibu tarakimu, hakuruhusiwi mpaka mwanahistoria awe amelichapisha neno hilo, naye atajwe. Wapo wasomi wa karne ya 20 waliozikataa lejioni nane ambazo Polybius anasema zilipelekwa, wakaona jeshi lilikuwa dogo zaidi, na wapo waliozitetea. Aya nzuri juu ya Cannae hubeba tarakimu zote mbili na majina ya wenyewe, kisha mzozo wa wasomi, na kumwachia msomaji shaka iliyo halali. Naithamini aya ya namna hiyo kuliko sentensi fupi yenye uhakika ambao vyanzo havina.

Aya hiyo ina adui, nacho ni kile kisanduku cha pembeni chenye pande, makamanda, idadi ya majeshi, hasara na matokeo. Kisanduku hudai jibu moja katika kila safu. Hakina nafasi ya kusema "kwa mujibu wa". Watu husoma kisanduku kwanza, na wengi huishia hapo, ndiyo maana tarakimu iliyoingizwa humo hung'ang'aniwa kwa nguvu kuliko maelezo ya ukurasa mzima. Maoni yangu ni kwamba pale vyanzo vinapotofautiana kwa maelfu, safu ya hasara iandikwe tarakimu zote na jina la kila mwandishi, au iachwe ielekeze kwenye sehemu husika ya makala. Safu yenye maneno machache ya ukweli haina aibu.

Juu ya njia ya Alpi sitakaa. Polybius na Livius hawaelekezi mahali pamoja, wasomi wamependekeza mapito kadhaa, yakiwemo Col du Clapier na Col de la Traversette, na mwaka 2016 watafiti waliochunguza udongo wa Traversette walitangaza kuwa wamekuta tabaka lililovurugwa na kuchanganyika na kinyesi cha wanyama wengi, la takriban wakati huo. Habari ya namna hii hupenda kupandishwa hadi mistari ya kwanza ya makala siku ileile inapotoka. Mahali pake ni miongoni mwa hoja nyingine, ikiwa na jina la waliotoa hoja.

Katika mabishano, mila ni rahisi kuieleza na ngumu kuishika. Ukitengua kazi ya mwenzako, andika sababu katika muhtasari wa hariri. Akikutengua, nenda kwenye majadiliano kabla ya kurudisha. Wikipedia ya Kiingereza imeweka mpaka: anayetengua zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa kuhariri. Mpaka huo ni wa kuzuia fujo tu. Hoja yenyewe hushinda pale mtu anapofungua kitabu, akataja ukurasa, na mwenzake akaenda kuusoma. Nimewaona watu wa misimamo iliyopingana kabisa wakikubaliana juu ya sentensi kwa njia hiyo, kila mmoja akibaki na rai yake, kwa sababu sentensi haikuwataka wakubaliane juu ya Hannibal. Iliwataka wakubaliane juu ya alichoandika Livius.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna mtego wetu. Njia ya mkato ni kutafsiri makala ndefu ya Kiingereza, na leseni ya Wikipedia inaturuhusu, mradi asili itajwe. Lakini tanbihi nazo huja na tafsiri, zikitaja vitabu ambavyo mtafsiri hakuvifungua. Tanbihi ni ushahidi wa mtu aliyesoma. Anayeihamisha bila kukiona kitabu anatoa ushahidi asioujua. Afadhali makala iwe mbegu, yaani makala fupi, ya aya nne zilizokaguliwa, zikitegemea tafsiri ya Polybius ambayo mhariri ameisoma. Wala kazi hii si ngeni pwani kwetu: habari za wafalme wa Kilwa zimetufikia kwa njia mbili, maandishi ya Kiarabu na muhtasari wa Kireno wa João de Barros uliochapishwa mwaka 1552, na majina na miaka havilingani. Aliyewahi kuziweka mbili hizo pamoja yuko tayari kwa Cannae.

Naomba nguvu mpya zielekezwe Numidia, ufalme wa Afrika Kaskazini uliopakana na Karthago. Makala nyingi za vita hivi humtaja mfalme Masinissa kama msaidizi wa Roma, kisha zinampita. Alianza kwa kuipigania Karthago huko Hispania, akahamia upande wa Roma, na mwaka 202 KK akafika Zama, kwenye pigano ambalo Scipio alimshinda Hannibal, na askari 6,000 wa miguu na 4,000 wa farasi, kwa hesabu ya Polybius. Wapanda farasi wake, pamoja na wale wa Laelius, kamanda wa Kirumi, ndio waliorudi kulishambulia jeshi la Hannibal kwa nyuma. Polybius alionana naye ana kwa ana, na katika mji wa Thugga, Tunisia ya leo, kuna maandishi ya hekalu lake kwa Kipuni na Kilibya, yaliyochongwa karibu miaka kumi baada ya kifo chake. Vyanzo vipo, na kimojawapo ni cha Afrika yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo tujiangalie. Tukitaka kuandika kwamba Numidia ndiyo iliyoamua matokeo ya Zama, basi hata kama mioyo yetu imeshaikubali, sentensi hiyo iingie ikitanguliwa na jina la mwanahistoria aliyeisema, na ifuatwe na jina la aliyeikataa.