Baiskeli ya Kwanza ya Mtu Mzima: Jinsi ya Kuchagua Iliyo ya Kazi Nyingi

Utangulizi

Kuendesha baiskeli ni stadi ambayo jamii zetu nyingi huichukulia kuwa ya utotoni. Mvulana kijijini hujifunzia baiskeli ya babake, mguu mmoja akiupenyeza chini ya bomba la juu kwa kuwa hakifikii kiti. Akianguka, hucheka pamoja na wenzake, akajipangusa vumbi na kuinuka. Mtu mzima asiyeipata fursa hiyo, aghalabu mwanamke aliyekatazwa angali msichana, au mtu aliyelelewa mjini ambako barabara zilitawaliwa na matatu, hubaki akiamini kwamba wakati umempita. Siku anapojitosa, hununua baiskeli asiyoimudu, huanguka mara mbili tatu mbele ya macho ya majirani, kisha huiegemeza ukutani na kutangaza kuwa yeye hakujaliwa.

Dai la makala haya ni kwamba mara nyingi kosa si la mwanafunzi bali ni la baiskeli. Azma yetu basi ni kumweleza mtu mzima anayeanza namna ya kuchagua baiskeli moja itakayomfaa kwa kazi nyingi: kujifunzia uwanjani, kwendea kazini au chuoni, kubebea mzigo wa sokoni, na kupitia lami na murramu kwa pamoja. Kwa kuwa wengi wetu hatuna uwezo wa kununua ya pili, ni muhimu hiyo ya kwanza iwe ya busara.

Tulikotoka

Baiskeli tunayoijua leo ilipata umbo lake nchini Uingereza. Mnamo mwaka wa 1885 John Kemp Starley alitoa Rover, baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaoliendesha gurudumu la nyuma. Kabla ya hapo mwendeshaji aliketi juu ya gurudumu kubwa la mbele, na kuanguka kwake kulikuwa kuanguka kweli. Mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop alisajili hataza ya tairi la upepo, na safari zikawa laini zaidi.

Uzao wa umbo hilo ndio Black Mamba ya Kenya: fremu ya chuma, bomba refu la juu, magurudumu ya inchi 28, breki za fito na keria imara. Baiskeli za aina hii zilitengenezwa Uingereza kwanza, kisha India na Uchina. Ndizo zilizozaa hata neno 'boda boda', lililotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, kwa sababu waendeshaji wa Busia waliwavusha abiria na mizigo kati ya vituo vya mpakani vya Kenya na Uganda. Leo neno hilo limehamia kwenye pikipiki, hasa baada ya serikali kuziondolea pikipiki ndogo kodi ya thamani iliyoongezwa mwaka wa 2008. Hata hivyo, Black Mamba bado ipo, na mtu mzima anayetafuta baiskeli ya kwanza aghalabu huelekezwa kwayo. Je, inamfaa? Ili kujibu swali hili, hatuna budi kuvichunguza vigezo kimoja kimoja.

Kigezo cha kwanza: kimo

Kigezo hiki kinavipita vingine vyote. Anayejifunza hana budi kuweza kusimama, baiskeli ikiwa kati ya miguu yake, nyayo zote mbili zikiwa chini kikamilifu, na nafasi ya angalau sentimita 3 hadi 5 ikibaki kati ya mwili na bomba la juu. Asipoweza, hofu yake si woga. Ni akili inayomwonya kwamba hana pa kukanyaga. Fremu nyingi za Black Mamba ni ndefu, nayo baiskeli yenyewe huweza kufikia kilo 20. Mtu mfupi akiinama nayo upande mmoja, uzito huo humvuta chini naye.

Mwandishi wa makala haya alijifunza akiwa amepita umri wa miaka 30. Majuma matatu alihangaika na baiskeli ndefu ya kuazima, akaambulia magoti yaliyochubuka. Alipopewa fupi, alisawazika kwa siku mbili. Mwanafunzi alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni kimo.

Kwa hiyo, chagua fremu ambayo kiti chake huweza kuteremshwa hadi nyayo ziguse ardhi ukiwa umeketi, kisha kupandishwa baadaye. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapa kinachoinamishwa ni kiti. Zaidi ya hayo, fremu ambayo bomba lake limeshushwa chini, ile ambayo watu huiita baiskeli ya kike, isidharauliwe na mwanamume wala mwanamke. Humruhusu mtu aliyevaa sketi, kanzu au leso kupanda bila taabu, na humwezesha yeyote kushuka haraka mambo yanapoharibika.

Kigezo cha pili: magurudumu na matairi

Tairi jembamba la baiskeli ya mashindano, lenye upana wa milimita 23 au 25, huteleza vizuri juu ya lami safi lakini huzama mchangani na huumia upesi shimoni. Tairi pana lenye vijino vikubwa, kwa upande mwingine, hushika matope lakini hunguruma na kuchosha kwenye lami. Kwa anayetaka baiskeli moja tu, wastani ndio jibu: upana wa kati ya milimita 40 na 50, vijino vidogo, na sehemu ya katikati iliyo karibu kuwa laini.

Ukubwa wa gurudumu nao una mtego. Inchi zinazotajwa dukani hazitoshi, kwa maana maneno 'inchi 28' huweza kurejelea rimu mbili zisizoingiliana. Soma namba mbili zilizochapwa ubavuni mwa tairi. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokalia rimu, zote kwa milimita. Black Mamba kwa kawaida huwa na 635. Baiskeli nyingi za kisasa za mjini zina 622. Zile za milimani za inchi 26 zina 559. Tairi la 622 halivai rimu ya 635, hata muuzaji aape vipi. Kabla ya kununua, mwendee fundi wa karibu na kwako umuulize ni matairi na tyubu za namba gani anazoziweka. Baiskeli nzuri isiyo na tairi mtaani kwenu ni pambo.

Kigezo cha tatu: gia

Mkazi wa tambarare za Kisumu au Malindi anaweza kuishi bila gia. Mkazi wa miinuko ya Kisii au Murang'a hawezi, labda awe tayari kusukuma. Hesabu ni rahisi. Baiskeli isiyo na gia, yenye sahani ya meno 46 mbele na friwili ya meno 19 nyuma, pamoja na gurudumu la inchi 28, husonga takriban mita 5.4 kwa kila mzunguko wa pedali. Baiskeli ya milimani ya inchi 26, ikiwekwa kwenye meno 28 mbele na 28 nyuma, husonga takriban mita 2.1 tu. Maana yake ni kwamba kwenye mlima ule ule mguu hubeba chini ya nusu ya kazi kwa kila mzunguko. Ikihamishiwa meno 42 mbele na 14 nyuma, baiskeli hiyo hiyo husonga mita 6.2, na hapo tambarare huliwa upesi.

Hata hivyo, wingi wa gia si sifa. Mwanafunzi hahitaji 21. Sahani moja mbele na gia sita au saba nyuma humtosha, mradi ndogo kabisa iwe nyepesi kweli. Kila kinachoongezwa ni kimoja zaidi cha kurekebishwa.

Kigezo cha nne: breki

Breki za fito hubana rimu za chuma, na rimu za chuma zikilowa hupoteza nguvu nyingi ya kusimamisha. Katika majira ya masika jambo hili ni la kufa na kupona. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi mvuani, nazo breki za waya hurekebishwa kwa spana moja. Hakikisha kwamba zipo breki mbili zinazojitegemea, na kwamba vidole vyako vinazifikia bila kunyooshwa kupita kiasi.

Baiskeli ya Buffalo, inayotolewa na shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka wa 2005 na ambayo imekuwa ikiunganishwa Kisumu, hutumia breki ya nyuma ya kukanyaga: ukizungusha pedali kinyumenyume, husimama. Haina waya wa kukatika, wala mvua haiifikii kwa urahisi. Hali kadhalika, keria yake imeundwa kubeba kilo 100. Lakini ni nzito na toleo lake la kawaida halina gia. Kizuri hakikosi ila.

Kigezo cha tano: mzigo na vifaa

Baiskeli isiyobeba kitu ni mchezo. Angalia kama fremu ina vitundu vya kufungia keria na madigadi, na kama pana nafasi kati ya tairi na uma. Madigadi si urembo kwa mwalimu anayetakiwa kuingia darasani na suruali isiyo na mstari wa tope mgongoni. Kuhusu springi za uma wa mbele zinazowapendeza vijana, zile za bei nafuu huongeza uzito, hulegea upesi na hunyonya nguvu ya mguu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Rangi za kumeremeta na springi ndizo zinazojitembeza.

Kuikagua ya mtumba

Wengi wetu tutanunua ya mtumba kutoka ng'ambo, na si vibaya. La msingi ni kuijua lugha ya fundi, kwani mnunuzi asiyejua kutofautisha uma na fremu, au spoki na rimu, hudanganywa kwa urahisi. Wanaisimu tunaopenda kulalamikia ukosefu wa istilahi tungefanya vyema kuketi kibandani mwake kwa saa moja.

Ukaguzi wenyewe ni huu. Inua kila gurudumu na ulizungushe: lisiyumbe. Shika mikono ya pedali na uitikise kushoto na kulia: isicheze. Tazama maungio ya fremu, hasa chini ya usukani: ufa wa rangi huenda ni ufa wa chuma. Hatimaye, pima mnyororo kwa rula ya inchi 12. Mnyororo mpya huwa na pini katika sufuri na nyingine katika 12 kamili. Ikiwa pini ya pili imepita kwa zaidi ya milimita 1.5, mnyororo unahitaji kubadilishwa. Ikipita milimita 3, yaelekea friwili nayo imeliwa. Yajumlishe hayo kwenye bei kabla hujatoa pesa.

Siku za kwanza

Baiskeli ikishapatikana, fungua pedali zote mbili, ukikumbuka kwamba ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa upande wa mishale ya saa, kinyume na desturi. Teremsha kiti. Nenda kwenye uwanja wenye mteremko mdogo na usukume kwa nyayo, macho yakitazama mbele wala si chini. Ukiweza kuteleza mita 20 miguu ikiwa hewani, umekwisha kujua kuendesha. Pedali ni nyongeza. Zirudishe, kisha upandishe kiti kidogo kidogo hadi mguu ukaribie kunyooka pedali iwapo chini. Barabarani usiende bila helmeti, taa na kiakisi mwanga.

Hitimisho

Tukirejelea swali letu, Black Mamba ni baiskeli ya kazi nyingi kwa aliyekwisha kuimudu, lakini si mwalimu mpole. Kwa mtu mzima anayeanza, tunapendekeza baiskeli ya mjini au ya milimani isiyo na springi, inayolingana na kimo chake, yenye matairi ya upana wa wastani, gia chache nyepesi, rimu za alumini na keria, na ambayo vipuri vyake vinapatikana kwa fundi wa njia panda. Haitashinda mashindano yoyote. Itamfikisha kazini, itamrejesha na gunia dogo la viazi, na itamwondolea ule uongo aliojiambia miaka mingi kwamba yeye hakujaliwa.